Nyumba ya Urithi: Tuiuze, Tuitengeneze, au Tuingoje Ianguke?



Yako mazungumzo yasiyokwisha katika nyumba zetu za Hodge Hill, Ward End na Alum Rock. Huanza kwa simu kutoka nyumbani, aghalabu wakati wa masika. Dari ya chumba cha juu inavuja, boriti mbili zimelika, na fundi ametaja kiasi cha fedha. Jioni hiyo hiyo ndugu wa Birmingham humpigia ndugu wa Muscat, naye wa Muscat humpigia wa Dar es Salaam, na swali la miaka nenda miaka rudi likafufuka: nyumba ya marehemu baba tuiuze au tuitengeneze?

Anayetaka kuuza huonekana mpenda fedha aliyewasahau wazee wake. Anayetaka kutengeneza huonekana mtu wa ndoto asiyejua bei ya mbao. Kila upande huogopa kuvunja udugu, basi shauri huahirishwa mpaka Ramadhani, kisha mpaka baada ya Idi, kisha mpaka watoto wafunge skuli. Makala haya yana neno moja la kusema: kuahirisha si kusimama katikati ya njia mbili. Kuahirisha ni njia ya tatu, nayo ndiyo iliyo ghali kuliko zote, kwani mvua haingoji kikao.

Nitazungumza zaidi juu ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, na kidogo juu ya Lamu, kwa kuwa huko ndiko hasara ya kungoja inakoonekana kwa macho. Lakini mwenye nyumba ya matofali Tanga, Kampala au Bukavu naye atakuta humu mambo yanayomhusu.

NYUMBA NI YA NANI?

Familia nyingi husema "nyumba ya baba" miaka 20 baada ya baba kufariki. Kwa mapenzi, maneno hayo ni mazuri. Kwa sharia, si sahihi. Maiti hamiliki. Baada ya gharama za maziko, madeni, na wosia usiozidi theluthi, mali huwa ya warithi, kila mmoja kwa hisa yake, kama zilivyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Anayekaa ndani, anayetuma fedha na anayeshika funguo, wote ni washirika, na ushirika usiotajwa ndio mwanzo wa magomvi.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizobaki hugawiwa watoto, mwanamume kwa hisa ya wanawake wawili: kila mwana sehemu mbili, kila binti sehemu moja. Kwa hiyo nyumba ina sehemu nane kamili: moja ya mama, nne za wana, tatu za mabinti. Ikikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 160 za Tanzania, sehemu moja ni milioni 20. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano huiweza.

Sasa tuseme hawakugawana, na mama naye akafariki. Thumni yake nayo itagawiwa watoto wale watano, na hesabu itabidi ifanywe upya. Kisha mwana mmoja afariki Muscat, aache mke na watoto ambao hawajapata kuiona nyumba hiyo. Vifo vya namna hii huongeza warithi na kupunguza hisa. Mafakihi wana mlango mzima wa elimu kwa jambo hili, na huuita munasakha. Ndugu watano waliolelewa pamoja huweza kuafikiana kwa simu moja. Wajukuu 23 walio katika nchi sita hawawezi kuafikiana kwa urahisi, na saini moja inayokosekana huzuia kuuza na kutengeneza pia.

Kazi ya kwanza, basi, si ya fundi, ni ya karatasi. Kwa Zanzibar, mambo ya mirathi ya Waislamu yana Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa Kenya zipo Mahakama za Kadhi zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Yahakikishwe pia mambo mawili: je, nyumba ni milki ya familia kweli? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine ni za wakfu, ambazo haziuzwi wala hazirithiwi. Na je, warithi wana uraia gani? Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu tangu mwaka 2010, lakini asiye raia hawezi kupewa ardhi huko ila kwa mkataba wa ukodishaji usiozidi miaka 99. Aliyekwisha kuchukua pasipoti ya Uingereza amwulize mwanasheria wa huko hali yake ilivyo kabla ya kutuma hata pauni moja.

NYUMBA INAUMWA NINI?

Wazee wetu walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii hutumiwa kwa tabia za watu, lakini katika Mji Mkongwe ni kweli ya wazi. Mlango wa kuchonga huweza kuwa mzima na boriti za juu yake zimekuwa unga.

Nyumba hizo, katika mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba.

Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia, jua likitoka unyevu huondoka. Akija fundi asiyeujua ukuta huo, hupiga plasta ya saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu upesi. Maji yaliyoingia kwa ufa wa juu, au kwa bomba la choo linalovuja, hufungiwa ndani. Chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuziona. Nje rangi ni mpya na jirani anasifu. Ndani nyumba inakufa. Wengi tumetuma fedha za "matengenezo" ambazo ziliharakisha maradhi.

Mfano ulio mbele ya macho ya dunia ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Miaka minane baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara ukaporomoka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa mali ya serikali, maarufu, na lenye wafadhili. Ikiwa hilo halikuwahi, nyumba ya ghorofa mbili katika uchochoro wa Malindi itawahi kwa sababu gani? Na ikianguka, haiwaangukii warithi walio Birmingham. Humwangukia aliyelala ndani na mpita njia.

Kwa hiyo, kabla ya kuitisha fedha, itafutwe taarifa ya mwashi anayejua chokaa, si mpaka rangi. Aulizwe mambo manne: paa linavuja wapi? Mabomba yanavuja wapi? Ncha za boriti zina hali gani? Nyufa zinaongezeka au zimesimama? Alete picha za kila boriti iliyooza. Na ifahamike kuwa ujenzi katika eneo hilo unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Anayesema kibali si lazima anajitafutia yeye kazi, na anawatafutia ninyi kesi.

FUNZO LA JIJI TUNALOISHI

Hapa Birmingham swali la kubomoa au kutengeneza si geni. Jiji hili lilikuwa na makumi ya maelfu ya nyumba ndogo zilizojengwa mgongo kwa mgongo, zikizunguka ua mmoja wenye choo cha pamoja. Karibu zote zilibomolewa katika karne ya 20. Ua mmoja tu ulisalia, kwenye pembe ya Hurst Street na Inge Street, ukatengenezwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2004 chini ya National Trust. Leo watu hulipa kiingilio kutazama maisha ambayo mabibi zao waliyakimbia kwa furaha. Hatuna haja ya kuzililia nyumba hizo. Nyingi zilikuwa na unyevu na maradhi. Lakini tujue kwamba kilichobomolewa hakirudi.

Funzo la pili lina manufaa zaidi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, baraza la jiji lilijaribu njia nyingine katika mitaa ya nyumba za zamani. Badala ya kumpa kila mwenye nyumba fedha afanye apendavyo, lilitengeneza magamba ya nje ya safu nzima ya nyumba kwa pamoja: mapaa, dohani, mifereji, kuta za mbele na madirisha. Jiko na chumba cha kulala aliachiwa mwenyewe, ajitengenezee kwa wakati wake. Hekima yake ni nyepesi: nyumba isiyoingiza maji huweza kungoja, inayoingiza maji haiwezi.

Kanuni hiyo inafaa Hodge Hill, na inafaa Unguja. Nyumba nyingi za upande wetu zilijengwa kati ya vita viwili vikuu, na anayeishi humo anajua kuwa kigae kimoja kilichohama huharibu dari yote. Basi tunapotuma fedha nyumbani tuanze na paa, kisha mabomba, kisha boriti, kisha kuta. Marumaru na rangi ni vya mwisho. Fedha za paa peke yake mara nyingi hupatikana mahali ambapo fedha za nyumba nzima hazipatikani.

HESABU TATU, SI MBILI

Familia ikae na karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza: tukiuza leo, kila hisa itapata nini baada ya gharama na kodi? Ya pili: tukitengeneza, paa ni kiasi gani na nyumba nzima ni kiasi gani, nani atatoa, na nyumba italeta pango gani? Ya tatu ndiyo inayosahauliwa: tusipofanya lolote kwa miaka mitano, tutakuwa na nini? Nyumba iliyosimama huuzwa kwa bei ya nyumba. Iliyoanguka huuzwa kwa bei ya kiwanja chenye kifusi, na mwenye kifusi ndiye anayedaiwa kukiondoa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" si maneno ya kupamba khanga tu.

Kila fedha inayotolewa ipewe jina siku ile ile. Je, ni zawadi kwa familia? Ni mkopo wa kurudishwa nyumba ikiuzwa? Au ni kununua sehemu ya hisa za wengine? Ndugu aliyetuma pauni 200 kila mwezi kwa miaka minane huamini kuwa nyumba ni yake zaidi. Dada aliyebaki huko akimwuguza mama huamini hivyo hivyo. Wote wana haki ya kusikilizwa, na wote hawana karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tusisahau kuwa tunaishi Uingereza. Mkazi wa hapa huweza kudaiwa kodi kwa pango linalotoka nje na kwa faida ya mali iliyouzwa nje. Na kwa anayepokea Universal Credit, mtaji unaozidi pauni 6,000 hupunguza malipo, na unaozidi pauni 16,000 huyaondoa. Hisa katika nyumba ya ng'ambo nayo huweza kuhesabiwa. Aende ofisi ya ushauri akiwa na karatasi zake, aseme kweli. Kunyamaza huweza kugharimu kuliko nyumba yenyewe. Na mwenye kufikiria kukopa benki hapa ili akatengeneze kule, azipime kwanza gharama za riba kwa dini yake na kwa mfuko wake.

ALIYEMO NDANI

Mara nyingi nyumba tunayoijadili ina mtu ndani yake: shangazi mjane, au dada ambaye hakuolewa, aliyebaki na wazee sisi tulipopanda ndege. Katika vikao vyetu vya simu, yeye huwa wa mwisho kuulizwa. Hutajwa kama tatizo: "Tukiuza, atakwenda wapi?" Lakini kama ni binti wa marehemu, yeye ni mrithi, si mpangaji wala si mlinzi. Nyumba haiuzwi bila ya ridhaa yake.

Lamu ilikuwa na desturi inayofaa kukumbukwa. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba alipoolewa, mara nyingi juu ya nyumba yake au kando yake, na wikio likavuka kichochoro kuziunganisha. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wazee walijua kuwa mwanamke mwenye kuta zake hafukuzwi. Leo, katika Lamu na zaidi Shela, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni, na baadhi yao wamezitengeneza kwa uzuri na kwa kuheshimu chokaa na vidaka vyake. Hatuwalaumu, waliuziwa. Lakini aliyeuza kwa haraka, fedha zikaishia katika harusi na gari, mara nyingi hana tena uwezo wa kununua hata chumba katika mtaa aliozaliwa.

Kwa hiyo, ikiuzwa nyumba yenye mtu, makazi yake yatajwe katika shauri lenyewe, kwa maandishi, kabla ya mnunuzi kuitwa.

NJIA ZILIZOPO

Kati ya kuuza kwa mgeni na kutengeneza kwa pamoja zipo njia nyingine. Mrithi mmoja anaweza kuwatoa wenzake kwa kuwalipa hisa zao. Mafakihi huita takharuj, na inafaa pale mmoja anapoipenda nyumba na wengine wanataka fedha. Mwenye kutaka kuuza hisa yake awape habari washirika wake kwanza, hayo ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na ni adabu pia. Warithi wanaweza kutengeneza paa na ghorofa ya chini, wakaipangisha, na pango likatengeneza ya juu. Na wakiridhia wote, wakiwa watu wazima na wenye akili timamu, wanaweza kuifanya wakfu, kwa mfano madrasa. Lakini wakfu usiotengewa fedha za matengenezo ni kumtwika msikiti mzigo tuliochoka nao sisi.

Maoni yangu ni haya. Ikiwa yupo mtu mmoja anayekubali kuisimamia, tena yuko karibu nayo, na ikiwa fedha za paa zinaweza kupatikana ndani ya mwaka mmoja, itengenezwe. Ikiwa hakuna msimamizi, wala fedha za paa, wala mtu wa kuishi ndani, basi iuzwe ikiwa bado imesimama, kwa bei ya nyumba, na kila mtu apewe haki yake. Kuuza namna hiyo si kuwasahau wazee. Kumheshimu baba si kushikilia funguo za nyumba inayooza. Ni kuhakikisha kila mwanawe, wa kike na wa kiume, amepata alichoachiwa, na kwamba kuta zake hazikumdhuru mtu.

KIKAO

Mwenye nyumba ya urithi na aitishe kikao kimoja chenye mambo matano: orodha ya warithi wote walio hai na hisa zao, hati za nyumba ziko kwa nani, taarifa ya mwashi na picha, hesabu ya safu tatu, na makazi ya aliyemo ndani. Achaguliwe mwandishi, na kila mmoja atumiwe nakala. Waitwe na vijana waliozaliwa hapa, hata kama Kiswahili chao ni cha kuokoteza; kesho watakuwa warithi, na nyumba wasiyoijua hawataihangaikia.

Mwisho wa kikao iwekwe tarehe. Masika huanza mwezi wa Machi, na miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya mvua chache, inayomfaa mwashi kufungua paa. Familia itakayokaa Januari itakuwa na wakati wa kupata karatasi, kibali na fedha kabla ya kiangazi hicho. Familia itakayongoja simu ya masika italipa kwanza gharama ya ndoo na maturubali, kisha itaanza upya mazungumzo yale yale.

Wabillahi tawfiq.